Mukuba ni yetu, bati ni yetu: risasi itoke mu maji ya watoto

Wandugu wafanyakazi, ba mama na ba papa wa cité, vijana mafundi,

Mu mwaka 2024 inchi yetu ilitosha mu udongo zaidi ya tani milioni 3 za mukuba. Mu dunia muzima, paka Chile njo inatupita. Sisi njo tunachimba, sisi njo tunayeyusha, sisi njo tunapakia kathodi mu makamyo ya kwenda Kasumbalesa. Mukuba inaenda mbali, inageuka tiyo, kudi na te, kiisha kipande kidogo kinarudia kwetu mu kenkayeri na bei ya juu. Na wakati kinarudia, swali letu ni moja: fundi anaunga ile tiyo na nini?

Mara nyingi anaiunga na sudire yenye risasi, ile madini ba plombie wanaita plomb. Risasi ile inagusa maji usiku na muchana. Sisi wa sendika tunasema leo waziwazi: mu nyumba ya mufanyakazi, mu dispensaire na ku masomo, tiyo ya maji ya kunywa isiungwe tena na risasi. Sudire bila risasi iko, inajulikana tangu zamani, na vitu vya kuitengeneza vinatoka mu udongo wetu wenyewe.

Juu ya nini sendika inaingia mu mambo ya robine?

Tunajua kuko wenye watacheka. Watasema: sendika ni ya mishahara na ya prime, robine ni kazi ya plombie. Hapana, wandugu. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inasema mwajiri anapaswa kumupa mufanyakazi nyumba, ao kumulipa feza ya nyumba. Nyumba iko mu mukataba. Na maji ya mu ile nyumba, je, haiko mu mukataba? Mutu akipata mushahara muzuri lakini mutoto wake anakunywa sumu kidogo-kidogo kila asubui, amepata nini? Ile Kodi inaomba tena kamati ya usalama na usafi pa kazi. Usalama hauishie ku mulango wa karyeri. Kofia na viatu vya chuma ni vizuri, lakini jioni mutu anarudi nyumbani, na pale nyumbani njo watoto wanakaa.

Risasi inafanya nini mu mwili?

Risasi haina kazi hata moja mu mwili wa mutu. Chuma mwili unaihitaji, mukuba mwili unaihitaji kidogo, lakini risasi hapana. OMS inasema hakuna kipimo cha risasi mu damu chenye kinajulikana kuwa hakina hatari. Mwili wa mutoto mudogo unakamata risasi mara 4 mpaka 5 kupita mwili wa mutu mukubwa. Inaingia mu damu, inapanda mu ubongo, inashuka mu mifupa na mu meno, na pale inakaa miaka mingi. Mwanamuke akibeba mimba, risasi yenye ililala mu mifupa yake inaweza kurudi mu damu na kufikia mutoto mu tumbo. Kwa watu wakubwa inapandisha tension na inaharibisha mafigo.

Ubaya wake mukubwa ni kama haionekane. Maji yenye risasi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ile alama ya kijani ao ya bulu mu lavabo ni ya mukuba, haiko ya risasi. Mutoto hatakuwa na homa. Atakuwa paka mutoto mwenye kusahau, mwenye kukasirika bure, mwenye damu kidogo, mwenye kushindwa kuhesabu. Mwalimu atamuita muvivu, sisi wazazi tutamuita kichwa nguvu, tutamupiga hata fimbo. Na wakati risasi imekwisha kuharibisha ubongo, hakuna dawa ya kurudisha kile kilipotea.

Wenye wanasafiri na bisi kuenda Lusaka wanapita Kabwe. Pale kulikuwa mine ya risasi na zinki. Ilifungwa mu 1994. Leo, zaidi ya miaka 30 kiisha kufungwa, watoto wa kartié za pembeni wako bado na risasi mu damu. Kabwe ilikuwa vumbi na udongo, haikuwa tiyo ya maji. Lakini mutoto wa Kabwe na mutoto wa kwetu wako na ubongo wa namna moja. Risasi haiulize ilipita njia gani.

Namna gani inatoka mu tiyo na kuingia mu glasi?

Hata jina la fundi linatuambia historia. Plombie inatoka kwa plomb, juu zamani huko Ulaya tiyo zenyewe zilikuwa za risasi. Kiisha mukuba ilichukua nafasi, na mukuba ni kitu kizuri kwa maji. Lakini risasi ilibakia mu kiungo. Fundi anaingiza tiyo mu rakori, anapasha moto na shalumo, na sudire inayeyuka na kunyonywa mu ile nafasi ndogo katikati ya tiyo na rakori. Ukingo wake unabakia ndani, unagusa maji. Sudire ya zamani iko nusu bati na nusu risasi.

Maji yenye kutembea inabeba kidogo. Maji yenye kulala usiku muzima mu tiyo inabeba mingi. Maji moto inabeba kupita maji baridi. Maji yenye asidi kidogo inabeba kupita. Na kiungo kipya, chenye kimetoka kusudiwa, kinatosha risasi kupita cha kale. Kwa hiyo nyumba yenye kutengenezwa sasa hivi, ile tunafurahia sana, inaweza kuwa mbaya kupita ya jirani.

Mutusamehe, tuhesabu kidogo. Kipimo cha OMS kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za risasi mu litre moja. Maana yake gramu moja tu ya risasi inatosha kufikisha litre 100,000 ku ile mupaka. Ni bidon 5,000 za litre 20. Na kiungo kimoja cha tiyo ya milimetre 15 kinakula karibu gramu moja ya sudire, nusu yake risasi. Haitoke yote siku moja, ni kweli. Inatoka kidogo-kidogo, kwa miaka, na nyumba haina kiungo kimoja.

Wengine waliacha zamani

Marekani ilikataza sudire ya risasi mu maji ya kunywa tangu 1986. Sheria yao inasema sudire isipite 0.2% ya risasi, na tangu mwaka 2014 rakori na robine, mu sehemu yenye kugusa maji, zisipite 0.25%. Ufaransa ilikataza sudire yenye kuongezwa risasi mu maji ya kunywa kwa arrêté ya tarehe 10 Juni 1996. Hawakuacha tiyo ya mukuba. Waliacha risasi, wakabakia na mukuba, na nyumba zao hazikukosa maji.

Sasa musikilize walichukua nini mu nafasi yake. Sudire yenye kutumiwa sana kwa tiyo za maji inaitwa Sn97Cu3. Ni 97% bati na 3% mukuba. Bati tunayosema haiko ile ya kufunika nyumba, ni madini ile inaitwa étain. Na étain inatoka wapi? Manono. Kalima mu Maniema. Bisie kule Walikale. Na mukuba inatoka Kolwezi, Likasi, Fungurume, Kipushi. Hakuna hata kitu kimoja mu ile bageti chenye udongo wa Kongo haujue. Tunatuma bati inje, tunatuma mukuba inje, na sisi tunabakia na risasi ya batri ya kale. Hii njo inatuumiza roho.

Kile tuliona

Mu cité moja ya kampani, hatutataja jina, kontrakteri alikuja kutengeneza tena maji ya dispensaire. Tiyo mupya za mukuba, rakori mupya, kazi safi ku macho. Ba delege wetu walipita, wakauliza kuona rulo ya sudire. Ku karatasi yake kuliandikwa Sn50Pb50. Pb ni risasi. Maana yake nusu kwa nusu, ku robine yenye ba mama wanachotea maji ya kuchanganyia maziwa ya watoto. Walipouliza, waliambiwa: njo ile iko mu depo, na tena haijakatazwa pa bon de commande. Ni kweli, haikukatazwa. Bon ilisema paka "soudure". Neno "sans plomb" halikuwa. Kwa maneno mawili yenye kukosa, viungo zaidi ya 40 vilifungwa na risasi.

Tena kuko mambo ya mu kartié. Tumeona mafundi wenye kuyeyusha batri ya motokari ya kale, kumwanga mu reli ya chuma na kutengeneza bageti zao wenyewe. Wale hatuwatukane, wanatafuta chakula. Lakini ile ni risasi karibu tupu, na moshi wake unaanza kumuua fundi mwenyewe na watoto wenye kucheza pembeni. Wandugu wa électrolyse wanajua pia: anode zetu mu bac ni za risasi. Kipande cha anode hakipaswe kufika nyumbani, hata kama ni kidogo, hata kama unafikiri ni cha kutengenezea kitu. Na nguo za kazi zibakie pa kazi, mutu aoge mbele ya kupakata mutoto.

Namna ya kujua na namna ya kufanya

Hauna lazima ya kusoma chimie. Ujue alama 4 tu: Sn ni bati, Cu ni mukuba, Ag ni feza ya kung'aa, Pb ni risasi. Ku rulo ao ku bageti, kama unaona Pb, ama namba peke yake kama 50/50 ao 60/40, uiache kwa muuzaji. Kama unaona Sn97Cu3, Sn99Cu1 ao Sn97Ag3, na maneno "sans plomb", uichukue. Kama hakuna maandishi hata moja, usiweke mu maji ya kunywa. Uangalie tena rakori zile zenye pete ya sudire ndani tayari: za kale ziko na risasi. Rakori ya mukuba tupu haina shida. Lakini robine, vanne na rakori za laitoni zinatiwaka risasi ili chuma kikatike vizuri ku mashini. Kwa zile pia, uliza "sans plomb".

Mafundi wengi wanatuambia: ile sudire mupya inakataa, haishike. Hatuwape kosa, ila tunajua sababu. Sudire ya 50/50 inaanza kuyeyuka ku digri 183. Ile ya bati na mukuba inaanza ku 227, na inaomba moto zaidi mbele ya kutembea vizuri. Kwa hiyo mukono wenye kuzoea ya kwanza unatosha shalumo mapema, sudire inabakia mabonge, kiungo kinavuja, na kosa linawekwa ku sudire.

Njia ni hii. Kata tiyo wima, utoshe mabaki ya chuma ndani. Sugua ncha ya tiyo na ndani ya rakori na papie ya emeri mpaka mukuba ingae, kiisha usiguse tena na vidole. Paka pati kidogo, ya namna inafaa kwa sudire bila risasi. Hakikisha hakuna maji mu tiyo: hata maji kidogo inakula moto yote. Pasha moto rakori, usipashe sudire. Zungusha shalumo, usikae nafasi moja, juu pati ikiungua na kuwa mweusi sudire haitashika tena. Gusisha sudire upande wenye hauna moto. Kama inayeyuka yenyewe, mukuba iko tayari, na itanyonywa ndani. Tosha moto, usitingishe mpaka ikauke, pangusa pati. Kiisha kazi yote, fungua maji itembee kwa nguvu dakika kadhaa, itoshe pati na vipande vya sudire mu tiyo. Fundi akifanya vile viungo 20 vya kujifunza, mukono unazoea.

Bei na PVC

Kuko wenye watasema: bati ni ghali. Ni kweli, ku soko ya dunia, mu hii miaka ya nyuma, bati inauzwa zaidi ya mara 10 kupita risasi. Lakini tuhesabu sawa watu wa mine. Nyumba yenye viungo 30 inahitaji karibu gramu 30 za sudire. Tofauti ya bei kwa nyumba muzima haipite chupa chache za Simba. Kampani yenye kujenga nyumba 100 haitajua hata feza ile ilitoka wapi. Kwa hiyo shida haiko feza. Shida ni kama hakuna mutu anauliza.

Wengine watasema: kwetu ni PVC ama galvanizé, haituhusu. Tunakubali, nyumba nyingi za kartié ziko vile, na pengine hakuna robine hata moja mu parsele. Lakini nyumba za kale za kampani, maji moto, dispensaire, kantini, ziko na mukuba. Na hata tiyo ya PVC inaishia ku robine ya laitoni. Mutoto anaweza kuwa salama ku nyumba na kukunywa risasi ku masomo.

Kwa ba mama, kuanzia leo

Tunajua maji inakatika, na kumwanga maji inaumiza roho. Kwa hiyo hatuseme mumwange. Kama nyumba yenu iko na tiyo ya mukuba na hamujue waliiunga na nini, ile maji ya kwanza ya asubui, ao ya kwanza kiisha kukatika, muchote ya kufua, ya kupangusa chini, ya choo. Wakati inakuwa baridi zaidi ku mukono, pale mujaze bidon ya kunywa na ya kupika. Musichote maji ya kunywa ao ya fufu ku robine ya maji moto. Kuchemsha kunaua vijidudu, na muendelee kuchemsha, lakini kuchemsha hakutoshe risasi: maji inapungua na risasi inabakia. Kile kichujio kidogo ku mudomo wa robine mukifungue mara kwa mara, mutoshe vipande vya sudire vyenye vinakwama pale.

Haya ni ya kungojea tu. Haiko dawa. Haiko haki mama abebe peke yake kazi ya kuchunga watoto na sumu yenye mutu mwingine aliweka mu tiyo.

Kile tunaomba

Kwa kampani zote, kubwa na za ba sous-traitant: maneno "soudure et raccords sans plomb" yaandikwe pa kila bon de commande na mu kila mukataba wa kazi ya maji, na maji ya dispensaire, ya masomo na ya kantini ipimwe mu laboratware, matokeo yatundikwe pa valve kila mutu asome. Tuko na laboratware za kupima mukuba na kobalti kila saa. Chupa moja ya maji haitazishinda.

Kwa kamati za usalama: muweke hili neno ku ordre du jour ya mukutano wenye kuja. Muombe kuona rulo ya sudire, kama vile munaomba kuona ceinture na kofia.

Kwa wenye kenkayeri: mutenganishe sudire ya maji na sudire ya vitu vingine, na mumuambie muteja ukweli mbele hajalipa.

Kwa masomo ya ufundi: kijana asipate karatasi ya plombie kama hajajua kusude bila risasi.

Kwa Serikali: inchi yenye kutosha mukuba na bati inapaswa kuwa na sheria yenye kukataza waziwazi risasi mu maji ya kunywa, na OCC ipewe kazi na vyombo vya kupima sudire na robine zenye kuingia ku mupaka.

Na kwako, ndugu mufanyakazi: hii wiki, fundi akikuja kwako ao ku jirani, umuombe akuonyeshe ile bageti. Usome. Kama kuko Pb, umuambie kwa heshima aweke pembeni, na jina la ile kazi ulilete kwa delege wako. Sisi tutaandika, tutahesabu, na tutapeleka mbele ya kampani cité moja-moja mpaka wajibu.